Jina Zito la Mbwa wa Darsono

Darsono hakuwa na mke tena, hakuwa na meno ya nyuma, hakuwa na nywele za kufunika utosi, na subira hakupata kuwa nayo tangu ujana. Alichokuwa nacho ni mbwa mwenye kifafa, na dada mkubwa, Sumirah, mwenye jawabu la kila jambo.

"Jina limemlemea," alisema Sumirah. "Mbwa kuitwa Senopati! Jemadari mzima!"

"Dada, ni ugonjwa wa ubongo. Daktari wa mifugo kasema."

"Daktari wako kazaliwa jana."

Retna, bintiye Darsono aliyekaa Semarang, alikuwa ameandika: mbwa akianguka tena, atakuja na mtu wa kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Alichoka kusikia baba yake analala sakafuni na mbwa. Darsono akashika dawa kama sala: kidonge asubuhi, kidonge jioni, ndani ya kipande cha tempe, andazi la soya iliyochachushwa. Kifafa kikatulia.

Kisha alikwenda Magelang kumzika rafiki, akamwachia Sumirah vidonge. Aliporudi alikuta majirani barazani wanaramba vidole, mbele yao mabakuli ya uji mwekundu na mweupe, ule wa kumpa mtoto jina.

"Nani kazaliwa?"

"Tumembadilisha jina mbwa," alisema Sumirah. "Sasa anaitwa Menir. Chenga za mchele. Jina jepesi hilo, halimlemei mtu."

"Na vidonge?"

"Vidonge vilikuwa vya Senopati."

"Daktari alisema visikatishwe ghafla, dada!"

Hata hakumaliza. Mbwa alikakamaa, akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa. Darsono alisukuma viti na mabakuli kando.

"Mtie kijiko mdomoni!" alipiga kelele jirani Karto.

"Kitie kwako, labda utanyamaza!"

Mtikisiko ulipita. Mbwa akainuka akiyumba, amelowa mkojo, akamgonga Darsono gotini kwa kichwa.

"Labda uji ulipungua sukari," alisema Sumirah.

Darsono alimpa mbwa dawa, akaketi kuandika. Angeweza kuficha, hakuficha.

"Retna, ameanguka, kwa kuwa shangazi yako alimnyima dawa. Mtu wako asije. Vidonge nitampa mwenyewe, na nikisafiri tutasafiri wote wawili."

"Mwambie anaitwa Menir," alisema Sumirah, akichungulia begani kwake.

Darsono alilamba bahasha, akaigandamiza kwa ngumi, akaenda posta kuituma kabla dada yake hajapata wazo jingine.