Mama Mmoja Alipita na Ndoo

Kila Jumamosi mchana Shangazi alikuwa akibeba fuko lake la sare za shule na kwenda kutazama filamu kwa fundi simu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, penye mwanga, akashona vifungo huku filamu ikienda. Macho yalikuwa kwenye sindano zaidi kuliko kwenye kioo, lakini mdomo haukupitwa na kitu.

"Huyu bwana kapigwa risasi, kaviringika matopeni, na shati bado limenyooka," alisema. "Nani anampigia pasi?"

"Shangazi, tuachie tusikie," fundi simu alisema.

"Sikieni. Kwani nimewaziba masikio? Mimi nauliza tu."

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane, mtu wa sala, aliyeishia shule ya msingi, na hakuwa na uongo wa aina yoyote, hata ule mdogo wa adabu. Filamu ikiisha, fundi simu humwuliza ameionaje, naye hujibu kama anayepima nguo: hapa panabana, hapa panapwaya. Filamu moja ya mapenzi iliyosifiwa kila kona ilimvunja moyo kabisa. Wale wapenzi walishinda wanakula, na hakuna aliyeonekana akiosha sahani. Lakini kijitabu cha ufugaji wa sungura, alichokiazima maktaba kwa kukosa kingine, kilimliza. Humo alisoma kwamba sungura jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya ya kifuani mwake akatandika kiota. Alipokirudisha alimwambia mtu wa maktaba kwamba kwa upande wa vitabu vya mapenzi, hajasoma kinachokifikia hicho.

Sasa mtoto wa kaka yake akaandika riwaya. Shangazi alimlea kijana huyu tangu anatambaa, mama yake alipofariki, mpaka akamfikisha chuoni. Alikuja na kitabu kipya chenye harufu ya gundi, akakiweka juu ya cherehani kwa mikono miwili.

"Siku ya uzinduzi utasimama, Shangazi, useme umekionaje. Mbele ya watu."

"Mimi? Si una wasomi huko?"

"Wasomi wataongea, ni kazi yao. Lakini mtaani kila mtu anajua wewe husifu ovyo. Wewe ukikisifu, kimesifiwa."

Hapo Shangazi akapata mtihani. Kitabu kikimvunja moyo, itabidi ama aseme uongo mbele ya watu, ama amwaibishe mtoto aliyembeba mgongoni. Usiku ule aliiongezea sala yake ombi dogo: kitabu kiwe kizuri. Kisha akaanza kusoma, kidole juu ya mstari, sauti ya chini, kama alivyofundishwa darasa la kwanza.

Na kitabu kilikuwa kizuri. Kilizidi hata alivyotarajia. Alicheka peke yake mpaka fundi simu akagonga ukuta kuuliza kama yuko salama. Kilimhusu mvulana asiye na mtu, aliyejikuza kwa jasho lake mwenyewe mpaka akawa mtu mkubwa. Alisoma hivyo hadi alipofika mahali mvulana ameketi barazani akitazama barabara na kuota ukubwa. Hapo paliandikwa: *Mama mmoja alipita na ndoo ya bluu yenye mkono uliofungwa utepe wa kitambaa cheupe, akaingia ndani.* Mvulana akaendelea kutazama barabara, na mama yule hakutajwa tena.

Shangazi akaitazama ndoo yake kwenye kona. Ilikuwa ya bluu. Mkono wa ndoo ulikatika zamani, mtoto akiwa anaanza shule, naye akausuka upya kwa mabaki ya mashati ya sare.

"Ndoo imepewa sifa zote," alisema. "Mwenyewe kaambulia 'mmoja'."

Hakukasirika. Aliweka kidole mwisho wa sentensi ile na kuuliza kama anavyouliza kwa fundi simu: "Haya, kaingia ndani. Halafu?" Kitabu kikanyamaza. Akauliza tena, kwa upole zaidi: "Halafu?"

Kesho yake alasiri ikapigwa hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye ndoo ya bluu iliyofanana na ile ya konani kama pacha. Nguo zake hazikuwa na rangi, kwa sababu hazikuandikiwa rangi. Uso wake ulikuwa ule ambao mtu huuona sokoni akausahau kabla ya kulipa. Umri nao ulikuwa haujatulia, akigeukia kushoto ni binti, akigeukia kulia ni mtu mzima mwenye magoti mabovu.

"Karibu," Shangazi alisema. "Nikusaidie nini?"

"Uliniuliza jambo."

"Nilikuuliza nini?"

"Halafu. Umeniuliza jana, tena mara mbili. Mhariri amenisoma, mpiga chapa amenisoma, mhakiki amenisoma na kalamu nyekundu mkononi. Hakuna aliyeuliza. Nikaona kunyamaza si adabu."

"Ahaa. Wewe ndiye yule mama mmoja."

"Ndiye mimi."

"Basi pita ndani, usisimame juani."

Mgeni hakuvuka kizingiti. Alichungulia kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji. "Ndani kuna kitu?"

"Kuna kiti, kuna cherehani, kuna chai. Ulitaka kuwe na nini?"

"Kule kwangu hakuna ndani," Mama Mmoja alisema. "Nimeandikwa nikiingia, lakini kule ninakoingia hakukuandikwa. Nikishapita mlango, hapana ukuta, hapana kigoda, hata pa kuitua hii ndoo hapana. Nasimama hivyo hivyo mpaka mtu mwingine afungue ukurasa, nipite tena."

Shangazi akampokea ndoo, akaitua karibu na yake. Akavuta kiti. Mama Mmoja alikaa taratibu, akaegemea, akawa anasikiliza tu mgongo wake ukipumzika.

Wiki ile Shangazi alimshonea gauni. Alimwuliza anapenda rangi gani, naye akasema hajui, hajawahi kuulizwa. Wakatandaza vitambaa kitandani akachagua manjano, tena manjano ile kali inayoonekana toka mwisho wa barabara. Alipolivaa, umri wake ukatulia, ukawa wa mwanamke wa makamo mwenye kucheka. Fundi simu alimpokea Jumamosi bila maswali mengi.

"Unaitwa nani, mama?"

"Mama Mmoja."

"Kwa hiyo una mtoto mmoja?"

"Sina hakika. Hakusema."

"Baba yake?"

"Mwandishi."

Fundi simu akatikisa kichwa kwa huruma, akijua wanaume wanavyokimbia majukumu, akamwongezea mto wa kuegemea. Alijuta baadaye kidogo, maana sasa midomo ikawa miwili. Mama Mmoja hakuwajali kabisa wakubwa wa filamu. Yeye aliwatazama wa nyuma.

"Yule anayefuta meza kule, miguu inamuuma. Angalieni anavyosimama."

"Wapi?"

"Amekwisha toka. Ndiyo kazi yetu, kutoka."

Filamu ile ilikuwa ya majambazi, na fundi simu alikuwa ameingoja kwa hamu mwezi mzima. Walipoulizana maoni, Mama Mmoja alisema imemfurahisha kupita alivyotazamia, kwa sababu mpishi wa gereza alipewa nafasi ya kupiga chafya. Fundi simu akasema yeye imemvunja moyo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na Shangazi akashona kifungo kwenye gauni lake mwenyewe kwa kucheka.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Mwandishi alipita kumpa Shangazi kadi ya mwaliko. Mama Mmoja ndiye aliyemmiminia chai.

"Asante sana, mama," Mwandishi alimwambia bila kuinua macho, akaongeza sukari.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "yule mama mwenye ndoo, akishaingia ndani anafanya nini?"

"Mama yupi?"

"Anayepita. Barazani, ulipokuwa unaota ukubwa."

Mwandishi akafikiri sana. "Aa! Yule! Yule wa kupamba tu, Shangazi. Ni mandhari, kama vile miti."

"Mwongezee neno. Hata 'umekula?' tu. Mtoto akikaa barazani kutwa, mtu humwuliza kama amekula."

"Hadithi itapoteza kasi." Alisema kwa upendo, akamshika bega. "Halafu mvulana wangu hana mtu, Shangazi. Akitokea mtu wa kumwuliza kama amekula, hadithi imekwisha hapo hapo."

Shangazi alimtazama alivyokunywa chai mpaka tone la mwisho na kusogeza kikombe pembeni, na Mama Mmoja alivyokichukua.

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa maktaba, na viti vilijaa. Shangazi na Mama Mmoja walikaa mbele, gauni la manjano likiangaza safu nzima. Mhakiki alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na alichagua kusoma ukurasa ule ule wa barazani. Pale kwenye sentensi ya ndoo, katika nakala zote, palikuwa peupe. Mhakiki alifika pale, akavua miwani.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona ujasiri huu? Mwandishi ameacha pengo. Ukimya! Upweke wa mvulana umekuwa karatasi tupu."

Watu wakapiga makofi. Mwandishi, ambaye hakujua pengo lilitoka wapi, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mama Mmoja naye alipiga makofi. Alisema pembeni kwamba hajawahi kusifiwa hivyo alipokuwepo.

Kisha mshereheshaji akamwita Shangazi. Alisimama, akashika kipaza sauti kama anavyoshika mkasi. Alimwona mwanawe safu ya pili, mikono imebanwa magotini, uso umekuwa wa mtoto anayengoja kujua kama amefaulu.

"Kitabu ni kizuri," alisema. "Kimenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Mshono wake umenyooka, pindo halikupinda. Kwa hilo namshukuru Mungu, na nampongeza mwanangu." Makofi yakaanza, naye akainua mkono. "Lakini sitasema uongo. Kimenivunja moyo mahali pamoja. Kuna mtu hayumo. Alikuwepo muda wote ule, na humu hayumo. Nilimtafuta mpaka ukurasa wa mwisho."

Mshereheshaji alitazama vazi la Shangazi la ujane, akaelewa kwa namna yake. Akakichukua tena kipaza sauti, taratibu.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti nzito, "naomba tusimame kidogo tumkumbuke marehemu mume wa Shangazi wetu."

Ukumbi mzima ukasimama. Mhakiki alifunga macho. Mwandishi alilia kwa dhati, maana marehemu alimpenda. Shangazi naye alisimama, akamwombea mumewe, kwa sababu sala haikatai nafasi. Marehemu hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja maishani mwake, na angecheka sana.

"Umejitahidi," Mama Mmoja alimnong'oneza walipokaa.

"Nimesema kweli."

"Umesema. Si kosa lako wakisikia kingine."

Baadaye watu walipanga foleni kusainiwa nakala. Mama Mmoja alipofika mezani, Mwandishi alimkumbuka kwa ile chai, akatabasamu kwa uchovu.

"Niandike jina gani, mama?"

"Mama Mmoja."

Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Kwa Mama Mmoja, asante kwa kupita.* Akapulizia wino ukauke, akamkabidhi, akamwita mwingine.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, kitabu kilichapwa mara ya pili. Mwandishi alikuja mwenyewe na habari, akawakuta wanawake wawili wakikata vitunguu na kubishana kama filamu ya juzi ilistahili farasi wengi vile.

"Wachapishaji wamepanga upya maneno," alisema kwa furaha. "Lile pengo la barazani wameliziba. Mistari imesogea, imeshikana vizuri, hata huwezi kujua palikuwa na kitu."

Kisu cha Mama Mmoja kikasimama juu ya kitunguu. Shangazi alimtazama. Sasa hapakuwa na pa kurudi, hata pa kusimama tu na ndoo.

"Na Mhakiki kasemaje?" Shangazi aliuliza.

"Kasema mpigo wa hadithi umekuwa bora zaidi."

Mama Mmoja akamaliza kitunguu, akafuta macho kwa kiwiko. "Basi, Shangazi," alisema, "itabidi tununue godoro. Nisiendelee kulala kwenye vitambaa vya watu."

"Kesho asubuhi," Shangazi alijibu. "Twende mapema kabla hakujachangamka."

Mwandishi alikula, akaomba nyongeza, akapewa. Alipokuwa anaondoka, Shangazi alimsindikiza mpaka kwenye lango. Mwandishi alisita, akageuka kuitazama nyumba, ambako kicheko cha Mama Mmoja kilikuwa kikisikika kwa fundi simu kupitia ukuta.

"Shangazi, huyu mama unayekaa naye nampenda. Ana maneno. Siku moja nitamwandika."

"Utamwandika?"

"Nitamwandika. Kuna kitu kwake. Sijui nini."

Shangazi akageukia dirisha la nyumba, akapaza sauti kwa mwenzake. "Umesikia? Anasema atakuandika."

Mama Mmoja hakutoka. Alikuwa amekwisha rudi kitini, miguu juu ya kigoda, kitabu cha watu wengine mapajani, kidole kwenye mstari.

"Mwambie asinihangaishe," alisema kutoka ndani. "Nimekaa."