Mbayuwayu wa Zizi la Gesche

Baridi ilikuwa imekwisha na mbayuwayu wa majirani walisharudi kutoka Afrika, ila wa Gesche, waliotaga zizini kila mwaka, bado. Kwao, dirisha la zizi hufungwa Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, na halifunguliwi mpaka mbayuwayu wa kwanza wa zizi hilo aonekane.

"Wamesusa mdomo wako," mumewe Tjark alimtania.

"Koma, mzee! Wamechoshwa na kukoroma kwako."

Uvumilivu ukamwishia. Akaliendea zizi, lililokuwa tupu tangu wauze ng'ombe, akasukuma mlango. Kiotani, vichwa vya makinda vilikuwa vimekaukia ukingoni, midomo wazi. Upande wa nje wa kioo cha dirisha, kizingitini, alilala mama yao, mdudu mkavu mdomoni.

"Tjark! Dirisha hili alilifunga nani?"

"Si wewe, mke wangu? Siku ileile ya Mtakatifu Mikaeli, kama kawaida."