Furu wa Sebuleni

Wifi yangu Dorotea hufungua dirisha kabla hajaitikia shikamoo. Ndivyo alivyo tangu siku ya kwanza alipoiona nyumba yetu ya Buhongwa, miaka kumi na moja sasa. Anatoka kwao Magu, anaingia sebuleni, analisukuma dirisha la mbao mpaka mwisho, ndipo anasema, "Marahaba, Ng'washi." Mimi kazi yangu ni kupara samaki pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, na shombo ninarudi nalo nyumbani, sikatai. Lakini kwake yeye shombo limeingia mpaka kwenye chai. Akija, ninaandaa chakula, kisha ninakaa nimeficha mikono chini ya kanga.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni mume wangu, Shigela. Siku hizi akisikia tu dada yake yuko njiani, anawahi kulifungua dirisha mwenyewe.

Basi siku moja nilimpelekea samaki mteja wangu wa Kiseke, Mama Mastura. Uani kwake nikakuta tangi la kioo la kufugia samaki, lile la kuwekwa sebuleni. Kuku alikuwa ametaga ndani yake. "Wanangu walilichoka," akasema Mama Mastura. "Kama una kazi nalo, chukua." Akanipa na kipampu chake cha hewa. Nikamtoa kuku kwa heshima zote, nikakodi bajaji, na njiani nikaapa: Dorotea akija Jumapili ya mwisho wa mwezi, atakuta nyumbani kwangu samaki asiyenuka.

Shigela alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe muuaji wa samaki, leo unawafuga?"

"Cheka," nikamwambia. "Meno si yako?"

Tangi lilikuwa na ukoko mweupe kuzunguka pande zote, ulioachwa na maji ya kisima miaka na miaka. Nilisugua kwa kitambaa, wapi. Sabuni sikuthubutu, maana sabuni ikibaki kwenye kona haitoki. Nikawa nimekaa nalo uani, nanawa mikono kwa ndimu kama kila jioni ninapotoka kazini, tone likaangukia kioo. Pale lilipoanguka, ukoko ukalainika. Nilikamua ndimu kumi na nne siku ile. Dawa ileile ninayojitolea shombo ilikitakasa kioo kikawa kama hakipo.

Nikalijaza maji palepale uani, chini nimetandika gazeti. Baada ya saa moja kona ya gazeti ilikuwa imelowa. Nikaenda kwa Iqbal, muuza vioo. Alikuja, akaliangalia, akatikisa kichwa. "Mama, hili limeshakufa. Wekea mkaa."

"Niuzie gundi," nikasema, "ushauri nitakuja kuuchukua siku nyingine."

Gundi kuukuu lazima itoke yote kwanza, isibaki hata uzi. Hapo ndipo nilipochukua kisu changu cha kupara. Kisu cha kupara ukikisimamisha kinachana nyama. Ukikilaza kinapita chini ya gamba lenyewe na samaki anabaki mzima. Nimekilaza hivyo miaka kumi na tisa. Nilikilaza na kwenye kioo, gundi ikatoka ndefu kama utepe, na hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nikapaka mpya, nikaacha ikauke siku mbili, nikajaza tena. Gazeti likabaki kavu tangu asubuhi mpaka jioni. Gazeti lile nimelitunza kabatini, na Iqbal nilimpelekea akalishika kwa mkono wake.

Nikalimwaga maji tangi, nikaliingiza sebuleni. Mchanga na mawe nilichota ufukweni, nikaosha mpaka maji yake yakatoka meupe. Kisha nikamwambia Shaibu, mvuvi ninayemparia samaki wake, aniletee furu sita wakiwa hai.

"Furu?" akashangaa. "Mama, furu ni wa kuongezea mteja!"

Ni kweli. Furu ni kisamaki cha kiganja, nasi mwaloni tunakijua kikiwa kimekauka, cha kijivu, fungu zima kwa bei ya kiberiti. Alipowaleta kwenye ndoo, nikachungulia. Dume lilikuwa na buluu ubavuni na mkia mwekundu. Miaka yote hiyo nimewashika kwa maelfu, na sikuwahi kuiona rangi yao, kwa sababu inakufa nao.

Nikawatia kwenye tangi kwa haraka ya furaha. Maji yalikuwa ya bomba, ya saa ileile, yenye dawa ya kuulia vijidudu. Kufika jioni wote sita walikuwa wanaelea. Shigela akachungulia, akauliza taratibu kama ni mboga. Nililia, na sioni aibu kusema. Mimi ninayejua kila mfupa wa samaki sikujua anavuta nini akiwa mzima.

Zilibaki siku nne. Nikajaza mabeseni yote ya nyumba maji ya bomba, nikayaacha wazi uani siku tatu dawa itoke. Tukawa tunaoga kwa kopo. Jumamosi Shaibu akaleta wengine, watano. Nikauweka mfuko wao uelee juu ya maji kwanza, wayazoee, ndipo nikawaachia. Jumapili asubuhi wote walikuwa wanakimbizana kwenye mawe.

Dorotea akaingia. "Shikamoo, wifi," nikasema. Mkono wake ulishafika kwenye dirisha.

"Hilo dirisha lisiguswe, wifi. Jua likiwapiga, maji yanageuka kijani."

Akageuka anitolee maneno, ndipo akaliona tangi. Alisimama na mkoba wake begani. Akasogea, akainama juu ya maji, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona hawanuki?"

"Samaki hai hanuki. Wanaonuka ni wale tunaowala mimi na wewe."

"Na huyu wa buluu?"

"Furu."

"Furu hawahawa? Muongo wewe!" Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo, na chai yake ikapoa. Aliniuliza wanakula nini, wanalala saa ngapi, nani alilisafisha kioo. Nikamjibu moja baada ya jingine, na kila jibu lilinivimbisha kifua.

Shigela akarudi kutoka dukani na soda. Alipomkuta dada yake ameshafika na dirisha limefungwa, akashtuka, akalikimbilia.

"Shigela!" Dorotea alifoka bila kugeuka. "Acha dirisha! Unataka kuwaharibia maji?"

Mume wangu akabaki amesimama na soda mkononi. Dorotea akanong'ona, macho yake kwenye kioo, "Marahaba, Ng'washi. Hebu nionyeshe unavyowalisha."

Nikaitoa mikono chini ya kanga.