Nyumba Asiyoijua Rawiya

Mwaka 1996, kati ya watu wanne waliofanya mtihani wa kutembeza wageni mjini Unguja, Rawiya alikuwa mwanamke peke yake. Mtihani ulikuwa huu: umtembeze mtahini, Bwana Muhiddin, kwa miguu, kutoka Malindi mpaka Shangani kwa njia ya pwani, naye ajifanye mgeni asiyejua lolote.

"Mimi leo natoka ng'ambo," alisema walipoanza, mikono kaifunga nyuma. "Hata bahari sijapata kuiona."

"Basi ikae kuliani kwako," alijibu Rawiya. "Ikihamia kushoto, ujue tumepotea."

Muhiddin hakucheka, wala Rawiya hakubabaika. Njia hii alikuwa akiikanyaga tangu mdogo, anasoma Kurani chuoni. Alimpitisha kwenye kivuli cha majumba, akamwonesha ukuta wa bahari ulivyoliwa na mawimbi, akamsimamisha pale upepo ulipoleta harufu ya karafuu kutoka bandarini.

Walipokaribia Forodhani, Muhiddin alinyoosha kidole kwenye nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya kijani. "Na hii? Kaijenga nani?"

Rawiya aliitazama. Kila siku huipita, na hajapata kujiuliza. Angeweza kumtaja sultani yeyote, na mgeni wa kweli angeamini.

"Sijui," alisema. "Lakini tutajua sasa hivi. Hodi wenyewe!"

Dirisha la juu likafunguka, akachungulia bibi mwenye mtandio mweupe.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nna mgeni hapa, anauliza nani kaijenga nyumba yenu."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni gani?" Bibi alikaza macho. "Huyu? Huyu si Muhiddin wa Bi Salhiya! Wewe ugeni umeuanza lini? Nyumba kaijenga babu yangu, Badar, kwa pesa za nazi zake. Na hapo ukutani nyuma yako ndipo wewe ulipotumbukia baharini utotoni, siku ya Idi, na kanzu yako mpya, nikakuvuta mimi Kawthar kwa kilemba cha baba!"

Wapita njia wakaangua kicheko. Muhiddin alijaribu kuukaza uso, ukamshinda. "Shikamoo, Bi Kawthar," alisema, kichwa chini.

Bibi akawateremshia kikapu kwa kamba, ndani mna visheti.

Wakaendelea na safari huku wanatafuna. "Wenzako wote nimewauliza nyumba ile ile," alisema Muhiddin. "Wawili wamenipa masultani, wa tatu kanipa Mreno. Wewe umeshafaulu. Turudi."

"Turudi wapi, na Shangani hatujafika?" Rawiya alikuwa keshatangulia. "Maji yametoka, ufuko u wazi. Vua viatu, tupite chini mchangani. Majumba yale ukiyatazama kutoka chini ni mengine kabisa."

Muhiddin alivua, akamfuata.

Kitambulisho chake cha utembezaji kilitoka wiki ile ile. Jumatatu Rawiya alianza kazi, na wageni sita.