Sawa ya Kusikia

Mama Pasi alikuwa ameuzuia ubao kwa goti, misumari mdomoni, huku fundi akimgombeza asitikise.

"Tulia, mama. Ukihema, na ubao unahema."

"Sasa nihemee wapi, masikioni?" alijibu kwa pembe ya mdomo, na misumari ikagongana kwenye meno.

Jua lilikuwa halijapata nguvu, na uzio ulibakiza kipande kimoja tu kufika kona ya chini ya kiwanja. Kiwanja chenyewe ni cha mlimani, cha kushuka kwa visigino. Ukitua sufuria uani bila kuikingia jiwe, utaifuata kwa jirani. Wenye uwezo walishachukua tambarare zamani, na wenye uwezo zaidi wakachukua kilele, kwenye hewa safi. Hapa katikati wakaachiwa wapiga pasi, wachuuzi na wengine ambao magoti yao hayakuombwa maoni.

Alikuwa akipiga pasi mashuka ya mahoteli kwa dobi mmoja mkubwa mjini, zamu ya alfajiri, na jina lake la kuzaliwa lilishafunikwa na jina la kazi. Leo alibadilishana zamu na mwenzake ili amalize uzio. Hakuujenga kwa sababu ya wezi. Mwizi angekuja kuchukua nini, mvuke? Aliujenga kwa sababu ya mama yake.

Mama yake alikuwa ndani, ameketi kitandani na kikapu mapajani. Maisha yake yote aliuza nyanya sokoni, na sasa kumbukumbu zilipokuwa zinamtoka moja baada ya nyingine, iliyokataa kutoka ilikuwa ile ya kuwahi soko. Kila alfajiri aliamka, akabeba kikapu, akashuka mlima. Soko alilolikumbuka lilikuwa huko chini. Na kati yake na soko, siku hizi, lilikuwapo shimo.

Shimo hilo ni la manispaa. Walichimba kifusi hapo cha kujengea barabara ya lami inayopanda hadi kwenye majumba ya kileleni. Barabara ikaisha, ikafunguliwa kwa utepe na hotuba, shimo likabaki linapiga miayo. Nyumba nzima ingezama humo na paa lake. Mama Pasi alikwenda ofisini kuuliza litafukiwa lini, akaambiwa shimo liko kwenye mpango. Alipouliza mpango uko wapi, akaambiwa mpango bado.

Alijaribu kufunga mlango. Mama yake aliugonga kwa ngumi hadi bawaba zikaachia, huku analia kwamba wateja wanaondoka. Akajaribu seng'enge. Bibi kizee akalala chifudifudi, akajiburura, akapita chini ya waya wa mwisho, na wakamkuta ukingoni mwa shimo, gauni limechanika mgongoni, anapanga kokoto mafungu mafungu kama nyanya. Siku hiyo Mama Pasi alilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira tupu. Ndipo akamtafuta fundi.

Fundi aliitwa Timazi, jina la ile risasi inayoning'inizwa kwenye uzi kuonyesha kama nguzo imesimama wima. Mtaa ulimpa jina hilo kwa kejeli, maana mwenyewe alitembea upande upande, mguu mmoja mfupi. Walikaa wakachagua. Mabati, upepo wa mlimani ungeyapeperusha pamoja na nguzo zake. Ukuta wa matofali ungezuia maji ya mvua mgongoni kwake, na siku moja ungelala kwa jirani wa chini. Halafu saruji siku hizi inapanda bei ukisinzia kidogo tu. Wakaafikiana mbao zenye nafasi za kupitisha maji na upepo, zilizopakwa oili chafu dhidi ya mchwa.

Ikabaki namna ya kuuteremsha uzio mlimani. Ukipiga ngazi, kila kipande kinalala mlalo, kisha kinashuka kwenye nguzo inayofuata, kama ngazi za nyumba. Juu panapendeza, lakini chini, upande wa bondeni, panabaki mwanya wa pembe tatu. Ukifuata mteremko, mbao zinasimama wima ila fito za kuzishika zinashuka pamoja na ardhi, na chini hapapiti hata paka. Mama Pasi hakuhitaji kufikiri. Adui yake alikuwa huo mwanya.

Hata hivyo hakutaka maneno na serikali. Siku afisa wa viwanja alipopita na gari, Timazi alimsimamisha, akamweleza kila kitu: mama mgonjwa, shimo, mwanya, kwamba wao wangependa kufuata mteremko. Afisa alikuwa na simu sikioni. Alisema, "Sawa, sawa," akapandisha kioo. Nao wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo siku hiyo hiyo, wanachekelea. Ruhusa imepatikana, tena bila kupanga foleni.

Sasa afisa huyo alikuwa anashuka kutoka barabarani, na nyuma yake vibarua wenye mitaimbo. Mtaa ulimwita Kofia, kwa sababu ya helmeti ya njano ambayo hakuivua hata akinywa chai. Mteremko ulimsumbua, alishika uzio ili asianguke. Alipofika chini akapangusa oili viganjani na kuuliza:

"Nani kawaruhusu kitu hiki?"

"Wewe, mkuu," alisema Timazi.

"Mimi?"

"Nilikusimamisha pale juu. Nikakwambia tunafuata mteremko. Ukasema sawa."

Kofia alimtazama kama mtu anayetafuta nyumba ambayo haikumbuki. "Niliposema sawa nilimaanisha nimesikia. Sikusema jengeni. Mtu akikwambia mvua inakuja, ukasema sawa, wewe ndiye umeinyesha?"

"Sawa mara mbili, mkuu," Mama Pasi alidakia, na misumari aliyoisahau mdomoni ikamwagika. "Ulisema sawa, sawa. Moja ya kusikia, na ya pili je?"

Kibarua mmoja aligeuka pembeni kuficha kicheko.

"Mama, usinifundishe Kiswahili. Kanuni inasema uzio wowote unaoonekana kutoka barabarani uwe mlalo juu. Huu wenu umelewa."

"Uzio haujalewa, baba. Mlima ndio umeinama."

"Sikuja kukagua mlima."

Timazi akajaribu upole. Je, wakipiga ngazi wanaruhusiwa kuziba mianya ya chini? Kwa udongo, hapana, alisema Kofia. Kujaza udongo mteremkoni ni kosa, utaserereka. Kwa mawe? Mawe ni ukuta wa kuzuia ardhi, na ukuta wa kuzuia ardhi unataka mchoro wa mhandisi. Kwa mbao, basi? Kipande kilichoongezwa chini kinabadilisha urefu wa uzio, na urefu una kanuni yake. Alijibu haraka haraka, bila kibri, kama mwanafunzi aliyekariri jedwali la kuzidisha, na pengine hilo ndilo lililomchoma Mama Pasi zaidi. Mtu huyu hakuwa hata anamchukia. Hakuwa anamwona kabisa.

"Bibi akipita kwenye mwanya akatumbukia," aliuliza, "kanuni inasema nani aende kumtoa?"

"Nitarudi baada ya kula. Nikiukuta, vibarua wataufungua, na mbao zitachukuliwa kama kidhibiti."

Mama Pasi alimwacha mama yake kwa Timazi, akajifunga kilemba, akapanda mlima hadi barabarani na kutoka hapo kwa miguu hadi ofisi ya manispaa. Njia nzima alipita kando ya kuta za majumba ya kileleni. Ukuta mmoja ulikuwa umekula mtaro wa maji, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yote hukata kona na kushuka mtaani kwao. Juu ulikuwa mlalo, umenyooka, hauna dosari.

Ofisini palikuwa na benchi lililopoteza mgongo na feni iliyozunguka kwa ajili ya meza tu. Ukutani ilibandikwa picha kubwa ya mlima wao, iliyochorwa kwa rangi: nyumba nyeupe, miti ya kijani, nyuzio zimepangana vizuri, mtoto na baiskeli. Aliitafuta nyumba yake, akaipata pale palipochorwa bustani. Akalitafuta shimo, hakuliona. Mchoraji alikuwa amelifukia kwa brashi, kazi iliyoishinda manispaa kwa matingatinga.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama wa makamo, sauti laini, sweta mabegani. Alimkaribisha kiti. Alimwita dada yangu. Alimsikiliza bila kumkatiza tangu mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho hakuna mtu wa ofisi hiyo aliyewahi kumfanyia, na Mama Pasi alijikuta anaeleza hata mambo ambayo hakukusudia: mafungu ya kokoto, gauni lililochanika, namna mama yake anavyomsalimia kila asubuhi kama mteja.

"Pole sana, dada yangu," alisema mkuu. "Lakini mzee wa hali hiyo haachwi peke yake. Si angekaa mtu naye?"

"Mtu ni mimi. Na mimi nikikaa, tunakula nini?"

"Hayo sasa ni mambo ya familia."

"Na shimo, mheshimiwa? Shimo nalo ni la familia?"

Mkuu alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Shimo liko kwenye mpango." Kisha akaweka kiganja mezani, kwa huruma kabisa. "Sawa. Nimekuelewa."

Mama Pasi alikuwa ameshainuka nusu. Akaketi tena.

"Samahani, naomba kuuliza. Hiyo sawa yako, ni sawa ya ruhusa au sawa ya kusikia?"

Karani wa meza ya pili aliacha kuandika. Feni ilizunguka. Kwa mara ya kwanza sauti ya mkuu wa kitengo ikapoteza ulaini.

"Ya kusikia," alisema.

"Ahsante. Angalau wewe umenitafsiria."

Alitoka bila kuaga. Barabarani alitamani angetukana. Maneno yalimjia mengi, mazuri, yenye chumvi, yote yamechelewa, na aliyatumia peke yake hadi mtaani huku wapita njia wakimpisha.

Alipofika, Kofia alishakula na kurudi. Mbao zote zilikuwa zimeng'olewa na kubebwa. Nguzo zilibaki, maana zege lilikataa mitaimbo, na Kofia alikuwa amesema kwamba nguzo hazina kosa, zimesimama wima. Zikawa zinateremka kwa mstari mmoja hadi kona ya chini, katikati yake hewa. Timazi aliketi kwenye ardhi yenye misumari iliyopinda, anainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo juu ya jiwe.

"Niliwaambia wangojee urudi," alisema. "Wakasema sawa."

Jirani mmoja alikuwa amemshika mama mkono. Mama alikuwa na kikapu, na uso wake umechangamka kuliko siku nyingi.

"Umeona, mwanangu?" alisema, akionyesha kule chini. "Wametufungulia njia."

Kesho ilikuwa zamu ya alfajiri. Mwenzake hakuweza kubadilishana tena, na msimamizi wa dobi alikuwa ametangaza kwamba asiyeonekana kwenye pasi yake asubuhi ajihesabu hana kazi. Jirani naye alikuwa na kibarua chake. Dada yake wa tambarare alisema kwenye simu kwamba atakuja, ila wiki ijayo, Mungu akipenda. Mama Pasi alizunguka chumba kizima akitazama mlango, dirisha, kitanda, kama mtu anayepima kiwanja. Kisha akatoa kipande cha shuka la hoteli lililotupwa kwa sababu ya kuungua, akakichana mikanda mirefu, akaisokota. Hata katika kazi hiyo mikono yake ilinyoosha mikunjo kwanza. Alijichukia kwa hilo.

Jua lilikuwa bado halijazama alipoamua kujaribu. Alimlaza mama yake, akapitisha mkanda kwenye mguu wa kitanda, akauzungusha kwenye kifundo cha mguu cha mama, juu ya soksi ili usimchubue, akapima kwa vidole kama damu itapita. Mama alimtazama bila kuupiga teke. Aliwahi kuona watu wakifungwa sokoni, enzi zake, vibaka waliokamatwa na mali za watu, na alijua anayefungwa hupoteza heshima gani mbele za wenzake. Akavuta khanga ajifunike uso.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "nimeiba nini?"

"Hujaiba kitu, mama."

Akakaza fundo.