Mti wa Mbarka Kwenye Foleni

Gari la kupima saratani ya matiti liliegeshwa mbele ya zahanati ya kijiji cha Henchir Bouali asubuhi na mapema, na mpaka chai ya pili lilikuwa halijapima mtu. Daktari Nesrine alikuwa akichovya mkate kwenye harisa, rojo la pilipili. Hayet, aliyeajiriwa kuwahoji wanawake ili ijulikane nani hafikiwi na kwa nini, alikuwa akimbembeleza mwanawe mgongoni huku akipitia majibu ya mwaka jana. Kwenye swali la kazi, wote walijibu "niko nyumbani tu." Ndiyo maana gari lililetwa asubuhi, katikati ya mavuno ya zeituni.

"Daktari, hawa hawapo nyumbani," alisema Hayet. "Wako kwenye mashamba ya watu. Kwao kazi ni ile yenye ofisi na muhuri."

"Basi kawaulize upya. Adhuhuri naondoka."

Shambani, mama mdogo wa Hayet, Mbarka, alikuwa juu ya ngazi, pembe za mbuzi zimevikwa vidoleni kama meno ya kitana, akichana matawi huku zeituni zikimwagikia wavu uliotandikwa chini. Juzi alimshikisha Hayet kivimbe karibu na kwapa lake, kisha akabadilisha mazungumzo.

"Mama mdogo, kazi yako nini?"

"Kazi gani tena, mwanangu? Mimi niko nyumbani."

"Na hiyo ngazi ndiyo sebule?"

Wavunaji wenzake waliangua kicheko, naye Mbarka akasalimu amri. "Haya, andika mvuna zeituni! Umeridhika?"

"Na nini kinakuzuia kupimwa?"

"Mti huu. Msimamizi Lazhar kasema atakayeacha mti haujaisha, kesho asipande gari lake la kutuleta kazini." Mbarka akaupapasa mti shinani. "Labda twende wote. Eh, bibi wewe, utakuja?"

Mti ulikuja. Uling'oa mzizi mmoja baada ya mwingine, ukakusanya wavu wake kama mtu anayekunja vazi avuke dimbwi, ukashika njia. Msimamizi Lazhar alilalamikia shimo.

"Nani atalifukia hili?"

"Sijauacha mti, Lazhar. Nimeongozana nao," alisema Mbarka. Nyuma yake miti mingine ilishaanza kunyoosha migongo.

Kwenye zahanati nesi aliiomba miti isizibe mlango. Foleni ikaenda vizuri: anayesubiri anavuna, anayeitwa anavua pembe na kuingia. Zeituni moja ilimwangukia mtoto wa Hayet puani, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mbarka alikawia ndani. Hayet hakumuuliza mtu swali lolote mpaka alipomwona akitoka, akifunga kitambaa chake.

"Kipo," alisema Mbarka. "Ila bado ni kidogo, kinatolewa. Wiki ijayo naenda hospitali ya Sfax. Na huyu bibi wa zeituni simpandishi basi, nimeshamwambia."

Jioni miti ilirudi, kila mmoja kwenye shimo lake.

Hayet alipeleka majibu mapya mji mkuu: wanawake huvuna asubuhi, gari lije mavuno yakiisha. Majira ya kuchipua wakubwa wa huko wakamjibu kwamba wanashukuru, ila swali la kazi lilishajibiwa kwenye majibu ya kwanza: wanawake wako nyumbani tu. Gari litakuja Desemba, mwezi wa mavuno, asubuhi, kama kawaida.

Mbarka, aliyerudi kutoka Sfax na kovu na hamu kubwa ya kula, alitafuna mkate wa moto huku akimsikiliza Hayet akisoma jibu hilo. Hayet alipomaliza, Mbarka alijifuta mikono, akaenda shambani kuitajia miti tarehe. Aliukuta wake umeshasogea ukingoni, karibu na barabara.