Toa Onyo

Mwalimu hajamaliza hata kumimina chai, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, nesi wa zahanati, sauti imemchangamka.

"Dada, programu yenu mpya imetoka! Nimeshaipakua na kusoma maelezo, sasa naibonyeza."

"Umeweka nakala ya kadi za wagonjwa pembeni?"

"Nakala gani tena? Hakuna palipoandikwa nakala."

Birika likatua mezani kwa kishindo. "Usiguse kitu! Na simu usikate."

Programu yenyewe ni ya bure, kazi ya watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Zahanati ndogo ndogo huhifadhi humo kadi za wagonjwa. Mwalimu, akishasahihisha madaftari ya shule, ndiye msimamizi wa maelezo ya kila toleo: ukurasa mmoja mtandaoni ambao kila mshiriki anaweza kuuandika, na watafsiri wanaufuata kwa lugha zao. Mtumiaji hufunguliwa ukurasa huo kabla hajabonyeza chochote. Safari hii namna ya kuhifadhi kadi ilikuwa imebadilishwa. Umeme ukikatika katikati na huna nakala, kadi zote zimekwenda na maji. Ndiyo maana juu kabisa kulikuwa na onyo, mstari mwekundu usioweza kumpita mtu.

Akafungua ukurasa. Mstari haupo.

"Onyo liko wapi?" akawaandikia wenzake kwenye kikundi.

Akajibu mzee mmoja waliyemwita Nukta, maana hakuna nukta iliyowahi kupotea akiwepo. "Nimelitoa, mama, kama ulivyoagiza."

"Niliagiza ulitoe!"

"Si ndiyo nimelitoa?"

Kipanga, mwandishi wa programu, akadakia. "Jamani, mnakubaliana halafu mnagombana?"

Mwalimu akarudi kwenye agizo lake la asubuhi. *Nukta, toa onyo la nakala.* Akalisoma kwa macho yake, kisha akajilazimisha kulisoma kwa macho ya Nukta. Yeye alitaka litangazwe. Nukta kaliondoa. Na watafsiri, watu watiifu, kila mmoja kaondoa la kwake. Miaka yote hiyo anafundisha watoto lugha hii, leo kineno cha herufi tatu kimemlaza chali.

"Kosa ni langu," akaandika. "Lirudisheni. Kipanga, zuia toleo."

"Nimeshazuia. Ila waliokwisha kulipakua siwezi kuwafikia. Hao wana ukurasa tu."

Kwenye simu mdogo wake akasema anaanza kuweka nakala. Huyu ana dada wa kumpigia. Zahanati nyingine zitampigia nani?

Nukta akalirudisha onyo, na nukta yake mwishoni. Halafu vialama vidogo vyenye majina ya watu vikaanza kujitokeza kwenye ukurasa, kimoja, viwili, kundi zima, kama siafu waliosikia kishindo. Mstari mwekundu ukachomoza kwa lugha nyingine. Ukachomoza kwa maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Ukachomoza kwa herufi zilizoning'inia kama nguo kwenye kamba. Mwalimu hakujua kusoma hata moja, aliujua wekundu tu. Mmoja akaandika kwamba yuko juu ya paa anatafuta mtandao. Mwingine akaomba radhi kwa kuchelewa, ananyonyesha, anaandika kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeuliza kosa la nani. Hakuna aliyesubiri kuambiwa mara ya pili. Mwalimu mwili ukamsisimka, akajikuta amesimama, mikono kifuani, kama mtoto aliyeingizwa kwenye jumba kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Ujumbe ukaingia kutoka zahanati asiyoijua. "Tulikuwa tumeshika kitufe, onyo likatokea mbele yetu. Tumeacha kwanza tuweke nakala. Asanteni sana. Kwani nyinyi ni akina nani?"

Mdogo wake akaita kwenye simu.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya? Mimi nakala nimeshaweka."

"Naangalia watu, mdogo wangu."

"Watu gani? Si uko peke yako hapo?"

"Nilidhani hivyo."

"Haya, makubwa. Sasa nibonyeze, nisibonyeze?"

"Bonyeza," akasema, kwa sauti ya chini, macho hayabanduki kwenye ukurasa, ambako mstari mwingine mwekundu ulikuwa unachomoza.